Ukigonga mwamba kwenye nyaraka: dalili, sababu na pa kutazama tena

Mtu anatafuta historia ya ukoo wake au ya kijiji chake. Anaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, hakitokei kitu, anahitimisha kwamba kumbukumbu hazipo. Mara nyingi zipo. Tatizo ni kwamba karatasi zilizomo kwenye hifadhi za nyaraka hazikuandikwa ili wajukuu wawapate babu zao. Ziliandikwa na karani aliyekuwa anadai kodi, na padri aliyetakiwa kuonyesha nani kabatizwa, na hakimu aliyetaka kumaliza kesi ya shamba aende zake nyumbani. Ukimtafuta babu moja kwa moja utamkosa. Mtafute yule karani, na babu utamkuta ndani ya kazi yake, pengine kwa jina lililopindishwa. Matatizo yaliyo hapa chini ni tofauti, lakini karibu yote yanaanza kufunguka ukiuliza nani aliandika na alikuwa anataka nini.

"Nimetafuta jina, halipo"

Hili ndilo lalamiko la kwanza, na lina sababu nyingi kuliko mengine yote.

Sababu ya kwanza: katalogi haina majina ya watu. Maktaba hupanga vitabu kwa somo. Hifadhi ya nyaraka hupanga karatasi kwa ofisi iliyozitoa, kanuni iliyowekwa rasmi Ufaransa mwaka 1841 na inayofuatwa hadi leo karibu kila mahali: mafaili ya ofisi moja hayachanganywi na ya ofisi nyingine, hata yakizungumzia jambo lile lile. Kwa hiyo katalogi itakupa kitu kama "Ofisi ya Wilaya, mashauri ya ardhi, 1931–1934", basi. Waliodaiana, mashahidi na wazee wa baraza wote wamo ndani ya faili, na hakuna aliyewahi kuwaorodhesha.

Tuchukue mfano. Bibi anasema baba yake alikuwa tarishi bomani na aliwahi kugombea shamba na jirani. Usianze na jina la huyo baba. Andika kwanza: boma lipi, chini ya wilaya ipi, takriban miaka gani. Kisha jiulize boma lile lilikuwa linazalisha karatasi gani. Lilikuwa na orodha za mishahara, kwa hiyo tarishi anaweza kuwemo. Lilikuwa na mashauri ya ardhi, kwa hiyo ugomvi unaweza kuwemo. Kila mwaka liliandika ripoti, na mkuu wa wilaya alipohama alimwachia mwenzake ripoti ya makabidhiano. Hizo za makabidhiano mimi nazipenda kuliko za mwaka, maana ripoti ya mwaka ilisomwa na wakubwa ikapakwa rangi, ila ya makabidhiano mtu alimwambia mwenzake ukweli: chifu huyu anakunywa, kesi ile haijaisha, karani yule mwangalie. Sasa una aina nne za mafaili ya kuomba, na hujaandika jina mahali popote.

Sababu ya pili: tahajia. Karani aliandika alichosikia kwa herufi za lugha yake. Kwenye karatasi za Kijerumani za Afrika Mashariki, Juma anaweza kuwa Dschuma, Salim akawa Ssalim. Karani asiyetofautisha l na r atakupa majina mawili kwa mtu mmoja katika ukurasa mmoja. Tovuti nyingi za nasaba hujaribu kusaidia kwa mfumo wa Soundex, uliopata hataza Marekani mwaka 1918: hubakiza herufi ya kwanza ya jina na kugeuza konsonanti zinazofuata kuwa tarakimu tatu. Lakini ulitengenezwa kwa ajili ya majina ya Kimarekani, na udhaifu wake uko pale pale mwanzoni. Khamis inakuwa K520, Hamisi inakuwa H520, na kwa kompyuta hao ni watu wawili wasiojuana. Kwa hiyo badilisha herufi ya kwanza wewe mwenyewe. Kama tovuti inaruhusu alama ya nyota badala ya herufi usizozijua, jaribu *amis* uone.

Sababu ya tatu: jina unalolijua silo aliloandikiwa. Mtu mwenye jina lake na la baba yake hana jina la ukoo kwa maana ya fomu za Ulaya, na aliyejaza orodha ya majina alilazimika kuchagua lipi liende wapi. Tafuta la baba kama jina la kwanza, kisha geuza. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima ana maisha mawili kwenye karatasi, kabla na baada, na mara nyingi rejesta ya ubatizo ndiyo daraja kati ya hayo mawili. Wanawake wameandikwa "mke wa" au "binti wa", kwa hiyo mtafute mume, baba, kaka, msimamizi wa ubatizo.

Rejesta ya ubatizo yenyewe isomwe hadi pembeni. Watu wengi hunakili jina, tarehe na wazazi, wakafunga kitabu. Kwenye parokia za Kikatoliki, kuanzia mwaka 1908 padri aliyefungisha ndoa alitakiwa kuhakikisha ndoa hiyo inaandikwa pia kwenye rejesta ya ubatizo wa kila mmoja, hata kama walibatizwa parokia nyingine. Ndiyo maana utakuta pembeni, kwa wino tofauti na mwandiko wa mtu mwingine kabisa, mstari mdogo: tarehe, jina la mwenzi, jina la parokia. Mstari huo unaweza kukuambia kwamba shangazi aliyedhaniwa amepotea aliolewa mbali sana na nyumbani.

Yako pia mazingira ambamo jina halikuandikwa kwa makusudi. Sensa za Marekani za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi tu, chini ya jina la mmiliki. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza iliyowataja kwa majina wengi wa waliokuwa watumwa, na wanaotafuta nasaba zao huita huo ukuta wa 1870. Njia ya kuuvuka ni chungu, lakini ipo: mtafute mmiliki. Wosia wake, mgawanyo wa mirathi, hati za rehani na za mauzo vina majina, kwa sababu mtu aliyehesabiwa kuwa mali aliandikwa panapoandikwa mali. Tazama pia karatasi za Freedmen's Bureau, shirika la serikali lililoshughulikia walioachwa huru, lililofanya kazi kuanzia 1865 hadi 1872.

"Mahali penyewe hapaonekani kwenye katalogi"

Hapa kuna mambo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

La kwanza ni jina kubadilika. Anayetafuta Tukuyu katika karatasi za Wajerumani atafute Neu-Langenburg. Lushoto ni Wilhelmstal, Kasanga ni Bismarckburg, Mwanza imeandikwa Muansa. Kenya, Murang'a ilikuwa Fort Hall na Nyahururu ilikuwa Thomson's Falls. Oslo ilikuwa Kristiania hadi mwanzo wa 1925, na Wrocław ya Poland ilikuwa Breslau hadi 1945. Tengeneza orodha yako ya majina yote ya mahali pamoja na miaka yake kabla hujafungua katalogi yoyote. Ni kazi ya jioni moja, nayo itakuepusha na safari za bure.

La pili ni mpaka kuhama, nalo linasumbua zaidi kwa sababu jina limebaki vile vile na hakuna kinachokushtua. Karatasi hufuata ofisi iliyokuwa inatawala siku ile, na bendera ya leo haihusiki. Kisumu na sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya zilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda hadi 1902, kwa hiyo anayetafuta habari za huko za miaka ya 1890 asiishie Nairobi, aulize Uganda pia. Rwanda na Burundi zilikuwa ndani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza. Mafaili ya utawala huo yaliyobaki Dar es Salaam yamo kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia tangu 1997, na si ya Watanzania peke yao. Mwambao wa Kenya, kwa sheria, ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar hadi 1963.

Mambo ya misheni nayo yana jiografia yake. Shirika lilipeleka barua na shajara zake makao makuu, popote yalipokuwa. Karatasi za UMCA, misheni ya Kianglikana iliyokuwa na vituo Zanzibar, Magila na Masasi, ziko Oxford kwenye maktaba ya Bodleian. Za CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Wamisionari wa Afrika, wale mapadri wa Kikatoliki waitwao White Fathers, walikuwa na desturi ya kila kituo kuandika shajara ya siku kwa siku, na hifadhi yao kuu iko Roma. Parokia ya nyumbani inabaki na rejesta. Simulizi ya nani alikuja, nani aligoma, nani alikimbia njaa mwaka gani, ilikwenda na barua.

"Wameniambia kumbukumbu ziliungua"

Wakati mwingine ni kweli tupu. Tarehe 30 Juni 1922 hifadhi ya nyaraka ya Dublin ililipuka na kuungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na karne nyingi za karatasi za Ireland zikageuka majivu. Sensa ya Marekani ya 1890 iliharibiwa karibu yote kufuatia moto wa Januari 1921 jijini Washington. Sensa ya Uingereza na Wales ya 1931 iliungua mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kabisa kwa sababu ya vita. Mwaka 1973 moto wa St. Louis ulikula mamilioni ya majalada ya wanajeshi wa Marekani.

Lakini "iliungua" pia ni jibu rahisi la mtu aliyeko kaunta na foleni iko nyuma yako. Uliza kwa upole: kiliungua nini hasa, cha miaka ipi, na nani anasema? Kisha uliza swali lenye faida zaidi: nakala ilikwenda wapi? Serikali na makanisa yaliishi kwa nakala. Ufaransa, vitabu vya vizazi, ndoa na vifo viliandikwa pacha, kimoja kikabaki kwenye manispaa na cha pili kikapelekwa mahakamani. Makanisa ya Kianglikana ya Uingereza yalitakiwa tangu 1598 kumpelekea askofu nakala ya rejesta kila mwaka. Ripoti ya wilaya ya kikoloni ilibaki bomani, nakala ikaenda mkoani, nyingine makao makuu, na mara nyingi jambo zito likafika London. Hata Dublin, mradi uliozinduliwa Juni 2022, miaka mia moja baada ya moto, umekuwa ukikusanya nakala zilizosambaa kwenye hifadhi nyingine na kuziweka mtandaoni.

Kuna pia karatasi ambazo hazikuungua bali zilihamishwa. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Kenya walioteswa wakati wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kuwa na maelfu ya mafaili ya makoloni yake ya zamani yaliyofichwa Hanslope Park, jengo la serikali huko Uingereza. Sasa yako kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza iliyoko Kew, London, kundi la FCO 141. Nitasema wazi kwamba kwa familia nyingi hayana kitu, ni mafaili ya siasa na usalama. Kama ndugu yako aliwekwa kizuizini, alikuwa mwanachama wa chama kilichotazamwa kwa jicho baya, au alifukuzwa nchini, hapo inafaa kuyapitia.

Nakala isipopatikana, badilisha aina ya karatasi. Kizazi hakikuandikishwa? Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki uandikishaji wa vizazi kwa Waafrika ulichelewa sana na ulikuja kidogo kidogo. Lakini mtu huyo huyo alilipa kodi, alisoma shule, aliajiriwa. Kenya, mfumo wa kipande (kitambulisho cha lazima) uliotekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza uliwaandika wanaume wa Kiafrika kwa jina, alama ya kidole, mwajiri na mshahara. Ulikuwa chombo cha kuwabana, na kwa sababu hiyo hiyo uliandikwa kwa makini. Magazeti ya serikali nayo yanasahaulika mno. Gazeti rasmi la Kenya lilianza 1899 kama la himaya mbili za Afrika Mashariki na Uganda, na ndani yake mna matangazo ya mirathi, viwanja, leseni na uteuzi. Ni usomaji unaochosha, lakini tangazo moja la mirathi linaweza kutaja marehemu, mahali, siku ya kufa na anayeomba kusimamia mali.

"Tarehe na umri havikubaliani"

Usichague tarehe unayoipenda. Kwanza tazama kila tarehe ilitoka mdomoni mwa nani. Cheti cha kifo kinajua siku ya kifo vizuri sana. Mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa humo ulitolewa na mtoto au jirani mwenye majonzi. Kwa hiyo karatasi moja inaweza kuaminika mstari wa juu na kutiliwa shaka mstari wa chini.

Umri wa miongo na nusu miongo (30, 35, 40) ni makadirio mpaka ithibitike vinginevyo. Sensa ya Uingereza ya 1841 ilikwenda mbali zaidi: makarani waliagizwa kuwashusha wenye zaidi ya miaka 15 hadi kwenye tano iliyo chini yake, kwa hiyo mwenye miaka 39 ameandikwa 35. Tarehe 1 Januari, kwa mtu aliyeandikishwa ukubwani, mara nyingi ina maana moja: karani alitakiwa kujaza nafasi.

Halafu kuna kalenda. Walipohama kutoka kalenda ya Juliasi kwenda ya Gregori tunayoitumia leo, Uingereza na makoloni yake waliruka kutoka tarehe 2 Septemba 1752 hadi 14 Septemba, na kabla ya hapo mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza 25 Machi. Ubatizo wa "Februari 1710" katika rejesta ya huko ni Februari 1711 kwa hesabu yetu, na ndiyo maana mtoto anaonekana kuzaliwa kabla ya harusi ya wazazi wake au kufa kabla ya kubatizwa. Urusi iligeuza kalenda 1918, Ugiriki 1923.

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Kwa kukadiria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Barua ya mwaka 1318 itaangukia kati ya Mei 1900 na Aprili 1901, na kama unataka siku kamili tumia kigeuzi, ukikumbuka kwamba kuandama kwa mwezi kunaweza kusogeza siku moja au mbili. La kuzingatia zaidi ni umri: aliyesema ana miaka 70 kwa hesabu ya Hijria ana kama 68 kwa hesabu ya jua. Tofauti ya miaka miwili inatosha kumfanya mtu mmoja aonekane wawili.

Pale ambapo hakuna tarehe kabisa, kuna tukio. "Alizaliwa mwaka wa nzige", "alikuwa anatambaa jua lilipopatwa". Hata makarani wa sensa hutumia kalenda za matukio kukadiria umri. Kupatwa kwa jua ni zawadi kwa mtafiti, kwa sababu wanaastronomia hukukokotoa hadi dakika na mahali. Nzige, njaa na ndui ni vya kuangaliwa zaidi, maana vilirudi mara nyingi. Hapo tafuta ripoti ya wilaya iliyotaja nzige wa eneo lile.

"Nimempata, lakini naona ni wawili"

Au kinyume chake: umempata mmoja aliyeoa akiwa na miaka tisa. Huu ni ugonjwa wa miti ya ukoo ya mtandaoni, ambapo mtu mmoja hukosea na wengine hamsini wakanakili. Mti usioonyesha karatasi ulikotoka ni uvumi wenye matawi.

Chukua karatasi kubwa, kila tajo la jina hilo lipe mstari wake: tarehe, mahali, kazi, mke, mashahidi, sahihi au alama ya dole gumba. Usiunganishe mistari mpaka vitu viwili zaidi ya jina vikubaliane. Mashahidi ndio wanaonisaidia zaidi. Mtu hubadilisha kazi na makazi, ila anaosimama nao harusini na mahakamani huwa wale wale. Kumbuka pia kwamba mtoto aliyefariki mara nyingi aliachia mdogo wake jina, kwa hiyo ubatizo ulioupata unaweza kuwa wa marehemu.

"Naona jina, picha haifunguki"

Tovuti ya FamilySearch ni ya bure, na shirika lililo nyuma yake lilimaliza mwaka 2021 kuzigeuza za kidijitali takriban roli milioni 2.4 za mikrofilamu zake (filamu zenye picha ndogo za karatasi). Ukikuta alama ya kufuli, si lazima uwe na akaunti ya kulipia. Mkataba na mwenye karatasi ndio unaoruhusu picha zitazamwe kwenye vituo vyao tu, au kwenye maktaba shirikishi. Tafuta kituo kilicho karibu nawe.

Tatizo la pili ni kubwa kuliko hilo. Sehemu kubwa ya picha hizo haijaorodheshwa majina, kwa hiyo kisanduku cha kutafutia hakizioni. Ingia kwenye katalogi kwa jina la mahali, fungua kitabu, kipekue ukurasa kwa ukurasa kama ungekishika mkononi. Vitabu vingi vina orodha ya majina mwishoni iliyoandikwa na padri au karani mwenyewe, anzia huko.

Magazeti ya zamani yaliyo mtandaoni yanadanganya kwa namna nyingine. Programu iliyoyasoma ilikosea herufi, hasa pale wino ulipofifia. Jina lisipotokea, tafuta neno lingine ambalo lazima liwe kwenye habari hiyo: jina la meli, la shule, la hakimu.

"Siwezi kusoma mwandiko"

Anza na unachokijua tayari: tarehe, miezi, jina la mahali, jina la padri linalojirudia kila mstari. Kutokana na maneno hayo jitengenezee alfabeti ya mkono ule, herufi kubwa na ndogo. Mwandiko wa Kijerumani wa zamani, Kurrent, unawatisha hata Wajerumani. E na n zinafanana, na s ya katikati ya neno ni mstari mrefu. Programu ya Transkribus, inayosoma maandishi ya mkono, husaidia mwandiko ukiwa wa kawaida, lakini isiachiwe majina ya watu, hapo ndipo inapokosea kwa kujiamini. Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zinahitaji msomaji anayejua vyote viwili, herufi na Kiswahili cha wakati ule. Mtu anayejua Kiarabu peke yake atakwama, kwa kuwa irabu nyingi hazikuandikwa na ch, p, g na v hazina herufi zake za asili. Wataalamu wa hati hizo wapo Zanzibar na kwenye vyuo vikuu, na hupenda kuulizwa.

"Faili lipo, wamekataa kunipa"

Uliza sababu, kwa kuwa kila sababu ina njia yake. Kama limefungwa kwa umri, uliza litafunguliwa mwaka gani. Kenya, miaka 30 ndiyo kipimo cha kawaida cha nyaraka za serikali. Sensa za Marekani hukaa miaka 72, ndiyo maana ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022. Ya Uingereza na Wales hukaa miaka 100, na ya 1921 ilitoka Januari 2022. Kama limechakaa, uliza mikrofilamu au picha. Kama lina siri za mtu mmoja, uliza kama sehemu nyingine inaweza kutolewa, au kama mtoto wa mhusika mwenye cheti cha kifo anaruhusiwa. Kama halionekani rafuni, omba jina lako liandikwe, kisha rudi; faili lililorudishwa pasipo pake huonekana siku mwingine anapoomba la jirani yake. Na kama unachokosa ni kibali cha utafiti, hakuna ujanja, kachukue kibali. Ingia na kalamu ya risasi na kitambulisho, begi liache nje. Usibishane na mtu wa kaunta, ndiye anayejua lilipo lile ambalo halimo kwenye katalogi.

"Nimewaandikia, hawajibu"

Barua inayosema "naomba historia ya ukoo wangu" haijibiki hata kwa mtu mwenye moyo mzuri. Jaribu hivi:

"Ndugu Mhifadhi, habari za kazi. Natafuta mashauri ya ardhi ya boma la (jina), kati ya 1928 na 1935, ambamo marehemu babu yangu (jina, na tahajia zake nyingine) alikuwa mdai. Nimeshaangalia katalogi yenu ya mtandaoni, sikuona mfululizo wa boma hilo kabla ya 1936. Naomba kujua kama yapo mafaili ambayo hayajaorodheshwa, na kama naweza kuyaona nikija. Natanguliza shukrani."

Mahali pamoja, miaka michache, kitu kimoja, na dalili kwamba umeshafanya sehemu yako. Baada ya wiki tatu piga simu. Barua pepe hupotea kirahisi, simu inayolia mezani ina mtu wa kuipokea.

"Nyumbani wanasema hivi, karatasi inasema vile"

Familia nyingi Marekani zinasimulia kwamba karani wa Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji bandarini New York, alilibadilisha jina la ukoo. Kituo hicho kilifunguliwa 1892, na makarani wake hawakuwa wakiandika majina upya: walikagua orodha iliyokuja na meli, iliyotayarishwa na kampuni ya meli huko ilikoanzia safari. Majina yalibadilika, ndiyo, ila mara nyingi yalibadilishwa na wenyewe baadaye, kazini, shuleni, kwenye karatasi za uraia. Kwa hiyo simulizi ilikosea mahali na mtu, ikapatia jambo lenyewe.

Hivyo ndivyo ninavyozisoma simulizi. Mzee akisema babu "alipigana vita vya Mjerumani" na jina halimo kwenye orodha ya askari, huenda alikuwa mpagazi. Wapagazi wa kampeni ya Afrika Mashariki walikuwa wengi kuliko askari, na wengi mno hawakuandikwa kwa majina mahali popote penye kudumu. Kutokuwemo kwake hakumkanushi mzee. Andika vyote viwili, kila kimoja na mahali kilipotoka, na jina la aliyekusimulia, mwaka na mahali mlipoketi. Ukiacha hayo, baada ya miaka kumi hutajua kama hadithi uliipata kwa shangazi au kwa mtoto wake aliyeisoma mtandaoni.

"Niliiona mahali, sikumbuki wapi"

Kabla ya kugeuza ukurasa wa kwanza wa faili, piga picha jalada la nje likionyesha namba. Baadaye piga ukurasa mzima, si mstari unaokuhusu tu, maana jirani aliyeandikwa juu yake atakuja kuwa shahidi wa harusi utakayoikuta mwakani. Andika jina la hifadhi, kundi, namba ya faili, ukurasa, siku uliyoiona. Na faili ulilopekua lote ukakosa, liandike nalo pamoja na majina uliyoyatafuta humo, ili usiliombe tena kwa tahajia ile ile.